Naomba Nitibiwe na Mtu Asiye Mtani Wangu

Kijiji cha Ujamaa, njia ya Chilangala,
Wilaya ya Newala.
Mei, 1973.

Kwa Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya,
Newala.

YAH: MALALAMIKO JUU YA DAKTA PETRO HAULE WA ZAHANATI YETU, AMBAYE NI MNGONI

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo. Kama u mdogo kwangu kwa umri, basi shikamoo hiyo ipokelewe na cheo chako. Nabisha hodi ofisini kwako kwa karatasi kwa sababu miguu yangu ina ganzi, na basi la Newala hupita likitaka. Sisi hapa hatujambo kwa neema ya Mungu, isipokuwa mimi. Utaniwia radhi kwa herufi hizi kubwa kama za ubao wa shule. Si kiburi. Naandika hivi ili mimi mwenyewe nizione.

Jina langu ni Ursula, lakini hapa kijijini ukiuliza Mama Hilary utaletwa mpaka mlangoni. Nimesoma mpaka darasa la nne kwa masista, naongoza rozari ya akina mama, na sijawahi kumshitaki mtu serikalini, hata yule aliyesogeza mpaka wa mikorosho yetu. Nasema haya ujue kwamba sikukurupuka.

Huyu Dakta Haule simlaumu kwa kazi. Sindano yake haiumi, zahanati yake inang'aa, na wenzetu wanaokimbia vita kutoka ng'ambo ya Ruvuma anawafunga vidonda kama anamfunga mama yake mzazi. Kosa lake ni moja tu, nalo alizaliwa nalo: ni Mngoni wa Songea. Mimi ni Mmakonde. Wewe ni msomi, huenda kwenu mambo haya hayapo, kwa hiyo naeleza. Wangoni na sisi ni watani, tangu babu zao walipokuja kuteka watumwa huku. Mtani akikutukana, unacheka. Akikuambia umekufa, unamwuliza mbona hajaleta sanda. Akimbeba kuku wako, humshitaki. Sasa Serikali imemchukua mtu wa namna hiyo ikampa kazi ya kutuambia habari za uhai na kifo. Malalamiko yangu nimeyapa namba, kama nilivyosikia ofisini mnapenda.

1. Habari ya sukari. Mwaka juzi nilishikwa na kiu. Unaijua nchi yetu ya huku juu, maji tunayafuata bondeni na kupanda nayo mlima kichwani. Mtu mwenye kiu huku kwetu ni kama mtu mwenye kesi. Mtungi niliupandisha asubuhi, na kabla jua halijasimama nimeumaliza peke yangu, mpaka Baba Hilary akaniuliza kwa upole kama nafuga ng'ombe chumbani. Tena kule nyuma ya nyumba ninakokwenda haja ndogo, sisimizi walifanya mkutano mkuu. Nikaenda zahanati.

Dakta Haule akaniuliza kabila, nikamtajia. Akaweka kalamu chini. "Aa! Mtumwa wangu amejileta mwenyewe!" Nikamjibu kama inavyotakiwa, "Babu yako alifika chini ya mlima huu, akaona vichaka, akarudi kwao analia. Wewe umepandaje?" Akasema, "Kwa basi." Benchi zima likacheka. Basi huku machozi ya kicheko hayajakauka, akauchukua mkojo wangu, akauchemsha na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali, akasema, "Mama Hilary, mkojo wako una sukari."

Ndugu Mganga Mkuu, nakuuliza kwa heshima. Mtani wako akikuambia mkojo wako una sukari, wewe ungefanyaje? Nilimwambia aupeleke nyumbani mkewe atilie kwenye uji, maana Wangoni wanajulikana kwa ubahili. Nikaondoka na ushindi wangu. Vidonge alivyonipa nikavitia kwenye kibuyu cha mbegu za maboga, vikakaa humo kwa amani.

2. Habari ya chakula. Akanipangia vya kuacha. Nisitie sukari kwenye chai, nisinywe uraka, ile pombe ya mabibo, hata msimu wake ukifika, nipunguze ugali wa muhogo, nisiunge kila mboga kwa karanga. Na mafuta ya nguruwe mwitu, ambayo Baba Hilary huyayeyusha na kuyajaza kwenye kopo kila akipata nyama, hayo niyaage kabisa. Mtani akikukataza chakula, hata mtoto anajua maana yake: anakitaka yeye. Nikampikia kisamvu cha karanga, sufuria nzima, nikampelekea na salamu, "Kula wewe, mwenye njaa ya kurithi." Akala. Sufuria ikarudi imelambwa. Mimi nikalichukua hilo kuwa ushahidi.

3. Habari ya damu. Akanitoa damu, akaisimamisha kwenye kichupa cha kioo pamoja na za wenzangu, akaziacha zitulie. Kisha akaniita nione. Za wenzangu zilikuwa nyekundu chini, na juu maji ya manjano, safi, unaona mpaka upande wa pili. Yangu juu ilikuwa nyeupe kama tui la kwanza. Nikamwambia amemwagia maziwa ya chai yake. Akasema, "Hayo ni mafuta, Mama Hilary. Duka la ushirika limekaukiwa mafuta mwezi mzima, kumbe yote umeyaficha wewe kwenye damu. Bepari wee!" Watu wakashika mbavu. Na mimi nikashika za kwangu.

Ndani ya kicheko hicho alisema pia kwamba sukari ikizidi huichubua mishipa myembamba ya macho, na mafuta yakiwa mengi kama yangu hupenya pale palipochubuka, yakaganda nyuma ya jicho, na mwisho wake mtu haoni. Nilisikia. Lakini lilikuja katikati ya mtumwa na bepari, sikujua lipi la kucheka na lipi la kulia. Je, Serikali haiwezi kuwapa waganga wake kengele, ili mtani akimaliza utani aigonge, tujue kwamba sasa ni kweli?

3 na nusu. Siku hiyo hiyo alisema mimi ni mnene. Halina uhusiano na kesi, ila limo moyoni.

4. Habari ya handaki. Mwaka jana ndege za Mreno zilikuwa zikivuka mto na kupita juu yetu, nawe ulisikia. Rimu ya gari ikigongwa, kila mtu anakimbilia handaki lililo karibu. Siku moja ilinikuta zahanati, nikaingia handaki moja na Haule na jirani yangu Adija. Hata pale, na mngurumo unakuja, Haule alisema, "Tulichimba handaki la kijiji. Hatukuambiwa tuchimbe la kijiji na la Mama Hilary."

Adija akanyoosha kidole juu, "Ile pale! Ile pale!" Wote wakaiona. Mimi niliona sisimizi weusi wanaogelea angani, na katikati pamefutika kama ubao uliopanguswa kwa mkono mchafu. Nikasema, siioni. Haule akaacha kuitazama ndege. Akainua mkono mbele yangu, akauliza, "Vidole vingapi?" Nikamwambia, "Vyote vichafu." Adija alicheka mpaka akasahau kuogopa bomu. Haule hakucheka. Ndugu Mganga Mkuu, vidole vyenyewe sikuviona. Nilijibu vile kwa sababu sikuviona.

Na hapa niseme kilicho chini kabisa ya barua hii. Mwanangu Hilary yuko jeshini, upande wa mto. Huandika. Baba yake, Lucian, anahudhuria kisomo cha watu wazima, amefika kwenye "baba ana bata", na bata huyo hajaondoka mpaka leo. Barua za Hilary nazisoma mimi, jikoni, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa sauti, nikiyaruka yale ambayo moyo wa baba yake hauyawezi. Iliyokuja baada ya siku ya handaki niliifungua, ikawa majivu matupu. Nikamwambia Baba Hilary tusubiri kesho, taa haina mafuta. Kesho yake nikamwambia jua ni kali mno. Sikutaka barua ya mwanangu isomwe na mtu wa nje, na sikutaka mume wangu ajue kwamba mafuta ya taa yako machoni mwangu. Tukakaa na barua ya mtoto wetu kama watu waliokaa na mgeni asiyejua lugha.

5. Habari ya Ndanda. Haule akanituma hospitali ya misheni. Huko nikapokewa na sista daktari, Mjerumani, mtu mwema sana, ambaye hana utani na kabila lolote chini ya mbingu. Akanitia matone, akanisogelea na kitaa chake mpaka nikasikia pumzi yake, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema, "Mama, nyuma ya macho yako kuna madoa ya manjano. Ni mafuta yaliyovuja kutoka kwenye damu. Umeona karatasi iliyofungiwa maandazi? Ndivyo ilivyo. Doa moja liko karibu sana na mahali pa kusomea. Likifika hapo katikati, hutasoma tena."

Nikangoja kicheko. Hakikuja. Ndipo nikalia.

Aliniambia nini kipya? Hakuna. Ni maneno ya Haule yale yale, ila hayana mtumwa ndani yake. Mwaka mzima nimeucheka ugonjwa wangu kwa sababu ya kabila la aliyenitajia. Sista aliongeza kwamba nikimeza vidonge na kushusha sukari na mafuta, madoa mengine huweza kufifia. Nilimwomba aape kwa msalaba aliovaa. Akasema yeye haapi, anapima.

6. Adabu. Hili ndilo kosa kubwa. Niliporudi kijijini, Haule alisoma barua ya sista, akasimama wima, akasema, "Shikamoo, mama. Pole sana. Karibu kiti." Ndugu yangu, mtani akikuamkia shikamoo, basi amekwisha kuona jeneza lako linarandwa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ndege. Kila nikienda ananiuliza hali kwa sauti ya padri anayempaka mtu mafuta ya mwisho. Nikaanza kugawa khanga zangu. Adija alichukua ile ya kijani, na anaivaa mpaka leo mbele yangu bila aibu. Na kwa huzuni nikawa nakula. Nilikaanga ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwenye mafuta ya nguruwe, nikasema kama safari ipo, mtu asafiri ameshiba.

7. Unyang'anyi. Baba Hilary si mtu wa maneno. Lakini siku moja alimfuata Haule zahanati, na Adija aliyekuwa kwenye foleni alisikia yote, kama kawaida yake. Alimwambia, "Dakta, mke wangu unamwua kwa adabu. Mtukane kidogo, labda atapona."

Jumapili iliyofuata natoka kanisani, namkuta Haule uani kwangu na kikapu. "Mtumwa! Leta ushuru wa babu yangu!" Akaingia jikoni. Akabeba kopo la mafuta ya nguruwe. Akabeba sukari. Akabeba karanga zote za kwenye kapu, na chupa moja iliyokuwa nyuma ya picha ya Mtakatifu Yosefu, ambayo kilichomo ndani sitakiandika kwa sababu wewe ni Serikali. Kopo nililing'ang'ania kwa mikono miwili. Akanitazama, akasema polepole, "Unamnyima mtani?" Nikaachia. Mtu hawezi kumnyima mtani halafu akabaki na uso wa kupitisha kijijini. Adija, Mwislamu safi, alisimama pale anapiga vigelegele, ingawa alimwomba Haule alipitishe kopo lile mbali na nguo zake.

Tangu siku hiyo anakuja anapotaka. Anafunua chungu changu, anaonja, na akikuta mafuta yamezidi anabeba chungu na mwiko wake. Vidonge ananisimamia nimeze, huku akisema kwao hata ng'ombe humeza vizuri zaidi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushitaki wizi. Mwenyekiti aliuliza jina la mwizi, akauliza na kabila, akaanza kucheka, kesi ikaishia hapo.

Kwa hayo yote, Ndugu Mganga Mkuu, naomba yafuatayo, na nimeyaombea novena kabla ya kuyaandika.

Dakta Haule ahamishwe, na tuletewe mganga wa kabila lisilo na utani na sisi, ikiwezekana mtu wa mbali, mwenye uso mzito, asiyependa kisamvu. Akisema mtu atapofuka, mtu apate kuogopa siku hiyo hiyo.

Ikiwa hilo halitoshi, Wizara iwapange upya waganga wote wa Tanzania. Kila mgonjwa aulizwe kwanza watani wake ni akina nani, ndipo aulizwe anaumwa wapi, na kila mganga apelekwe mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kumtukana. Kama mabasi ya kuwabeba waganga hayatoshi, wabebwe wagonjwa.

Halafu kuna hili la siasa. Mwenyekiti alitutangazia mkutanoni kwamba makabila yamekwisha, sasa sisi ni taifa moja. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Basi nauliza, kama makabila yamekwisha, nani alimruhusu Haule kuwa Mngoni saa za kazi? Utani upigwe marufuku kwa sheria, ndani ya zahanati, kwenye mahandaki na jikoni kwangu. Nimekwisha kufikiria kwamba utani ukifutwa, siku ya msiba wangu hatakuwapo mtani wa kuwachekesha wafiwa na kudai nguo zangu. Hilo nalo lina dawa. Serikali itume mtumishi mmoja, mwenye barua yenye mhuri, aje aitukane maiti yangu kwa niaba ya Wizara.

Nimekuchosha. Nisalimie karani wako atakayefungua bahasha hii kabla yako, wauguzi wote, mpika chai wa ofisi, mama watoto wako, na watoto kwa umri wao. Baba Hilary anakusalimu, anasema akimaliza bata atakuandikia mwenyewe. Adija anakusalimu pia, ingawa sikumwambia naandika. Mungu akulinde macho.

Ni mimi niliye mgonjwa wako,
Ursula, Mama Hilary.

Nyongeza ya mwezi wa Novemba.

Ndugu Mganga Mkuu, barua hii haikuondoka. Kwanza ilikosa stempu, halafu likaja palizi la mikorosho, nikaiweka ndani ya kitabu cha sala, kwenye Litania ya Watakatifu Wote. Sasa mabibo yameiva, na jana tumetangaziwa kwamba umeamua kumhamisha Dakta Haule na kutuletea mganga kutoka mbali sana, mtu mpole, asiye na utani na yeyote huku. Mimi sikutuma kitu. Nadhani Mungu aliisoma ilipokuwa kwenye kitabu chake, akaifikisha mwenyewe bila stempu.

Nimekwisha kumwambia Yeye, sasa nakuambia wewe: msimguse. Tangu ile Jumapili ya kikapu sijapata nafasi ya kula kitu kitamu kwa raha. Akija huyo mpole wako ataniomba niache mafuta, nami nitamwitikia ndiyo daktari, kwa heshima zote, na jikoni kwangu hataingia. Karatasi nyingine sina. Kwa hiyo nakuomba uyasome malalamiko yangu yale yale, kuanzia namba saba ukirudi nyuma, nayo yawe sababu za kumbakiza. Ile tatu na nusu uifute.

Juzi alinitoa damu tena. Kichupa kilipotulia, juu palikuwa na maji ya manjano, nikaona mpaka upande wa pili, nikamwona yeye amekenua. Akatangazia benchi kwamba bepari amefilisika. Sista wa Ndanda amepima: doa la jicho la kulia limefifia, la kushoto bado, na mimi bado nasali upande huo. Hilary ameandika kwamba ni mzima. Nimesoma mwenyewe barua hiyo na ile ya mwaka jana, kwa macho na kwa sauti, nikayaruka ya kuruka. Utaona pia kwamba herufi za nyongeza hii ni ndogo.

Haule mwenyewe nimempa barua hii aangalie kama nimekosea mahali. Ameridhika nayo yote, ila pale kwa babu yake, anasema hakulia, aliahirisha tu. Na lile doa la mafuta pembeni ya jina langu ni la kidole chake, alikuwa akisoma huku anatafuna karanga zangu. Ni dogo sana, huenda wewe usilione. Mimi nililiona bila kuonyeshwa.